Kabla Hujageuza Gari la Dizeli Kuwa la Petroli
Somo kwa wamiliki wa magari makuukuu wa Masasi, Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde



Msimu wa minada ya korosho unapoanza mwezi Oktoba na malipo ya wakulima yakaanza kuingia, gereji za Masasi na Newala hupata wageni wengi. Gari lililolala chini ya mwembe tangu masika hukumbukwa. Mara nyingi ni Hilux, Land Cruiser au Land Rover ya miaka mingi, yenye injini ya dizeli iliyochoka: haiwaki asubuhi mpaka isukumwe, inatoa moshi, na haipandi kilima na mzigo. Mwenye gari hutaka gari hilo lirudi kazini libebe magunia, maji na abiria. Hapo ndipo husikia ushauri wa aina hii: “Achana na dizeli. Tuigeuze iwe ya petroli, itawaka kwa ufunguo mmoja.”

Tumeandaa somo hili ili mlaji aupime ushauri huo kabla ya kutoa fedha. Hatusemi kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Tunasema kwamba kuna njia moja ya kweli ya kulifanya na njia kadhaa za mkato zinazomaliza fedha za msimu mzima, na kwamba mara nyingi ugonjwa wa gari hautokani na dizeli yenyewe.

1. Injini hizi mbili huunguza mafuta kwa namna tofauti

Injini ya petroli huvuta hewa iliyokwisha kuchanganywa na petroli, huugandamiza mchanganyiko huo kwa kiasi, kisha plagi hutoa cheche inayouwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu na kuigandamiza kwa nguvu nyingi mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi. Wakati huo ndipo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe kwa kukutana na hewa hiyo ya moto.

Tofauti ya mgandamizo ni kubwa. Injini nyingi za petroli za magari makuukuu huigandamiza hewa mpaka ibaki sehemu moja kati ya nane hadi kumi ya ujazo wake wa awali. Injini za dizeli za Hilux na Land Cruiser za zamani huigandamiza mpaka ibaki sehemu moja kati ya 22 hivi. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukibanwa kwa kiasi hicho hauisubiri cheche. Hulipuka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Mlio wake ni kama nyundo ndani ya chuma, na matokeo yake ni pistoni kutoboka au gasketi kuungua.

Jambo la pili ni ulainishaji. Dizeli ina utelezi, na pampu pamoja na nozeli za injini ya dizeli hulainishwa na mafuta yaleyale yanayopita ndani yake. Petroli haina utelezi huo. Kwa sababu hiyo, petroli ikiingizwa kwa makosa katika tangi la gari la dizeli, usiwashe injini, wala usifungue swichi. Gari livutwe, tangi limwagwe na mabomba yasafishwe. Gharama ya kumwaga mafuta ni ndogo kuliko gharama ya pampu.

2. Kwa nini mkato haufanyi kazi

Mkato unaosemwa sana ni huu: toa nozeli, weka plagi mahali pake, funga kabureta, kisha weka gasketi nene chini ya silinda hedi ili kupunguza mgandamizo. Maneno hayo huingia akilini. Tuyapime kwa hesabu.

Chukua injini ya dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.4, ambayo kila silinda ina upana wa milimita 92 na ujazo wa sentimita za ujazo 611 hivi. Ili igandamize kwa 22, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni sentimita za ujazo 29. Ili igandamize kwa 9 kama injini ya petroli, nafasi hiyo lazima iwe sentimita za ujazo 76. Inatakiwa kuongezwa nafasi ya sentimita za ujazo 47 katika kila silinda. Kwa upana huo wa silinda, gasketi ingepaswa kuongezewa unene wa milimita 7.

Gasketi ya kawaida ya silinda hedi ina unene wa milimita moja na ushei tu. Hakuna gasketi ya kuongeza milimita 7 itakayoshika moto, maji na oili kwa pamoja. Tena silinda hedi ikinyanyuliwa kiasi hicho, boliti huwa fupi, na mkanda au mnyororo unaoendesha vali hupoteza kipimo chake. Fundi anayeweka gasketi mbili au tatu na kusema mgandamizo umeshuka hajashusha kitu cha maana. Gari linaweza kuwaka mbele yako gerejini na kuvunjika kabla hujafika nyumbani.

Kuigeuza injini ileile kwa haki kunahitaji pistoni nyingine, silinda hedi nyingine au iliyochongwa upya kiwandani, mfumo wa cheche, mfumo mpya wa kulisha petroli na kilango cha kudhibiti hewa inayoingia. Ukizijumlisha gharama hizo, umekwisha kununua injini nyingine nzima.

3. Njia ya kweli: kubadili injini, si kuigeuza

Mfano mzuri ni Land Rover za zamani. Injini ya petroli ya Land Rover iliyotoka mwaka 1958 na ile ya dizeli iliyotoka mwaka 1961 ni ndugu: zote zina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na zilifungwa katika magari ya umbo moja. Hata hivyo ile ya dizeli hugandamiza kwa 23, na ile ya petroli kwa 7 au 8. Hata waundaji wenyewe, waliokuwa na ndugu hao wawili katika kiwanda kimoja, hawakumgeuza mmoja kuwa mwingine kwa gasketi. Kila moja ilipewa silinda hedi yake na pistoni zake. Faida ya undugu huo ni kwamba mwenye Land Rover ya namna hiyo anaweza kuitoa injini nzima ya dizeli na kuiweka nzima ya petroli pasipo kukata chasisi.

Somo hilohilo liliwafika Wamarekani. Kati ya mwaka 1978 na 1985 kampuni ya General Motors iliuza magari ya Oldsmobile yenye injini ya dizeli ya lita 5.7, iliyojulikana kwa kuharibika gasketi na boliti za silinda hedi. Wamiliki wengi walichoka nayo wakahamia petroli, na njia waliyoifuata kwa kawaida ilikuwa kuitoa injini ile na kufunga injini ya petroli mahali pake.

Kwa hiyo mtu akikuambia “tutageuza,” muulize: “Mtageuza injini hii, au mtaleta nyingine?” Jibu la swali hilo litakuonyesha kama anaijua kazi.

4. Hesabu ya mafuta

Wengi huangalia bei ya lita tu. Lakini lita moja ya petroli ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko lita ya dizeli, na injini ya petroli hutumia nishati hiyo kwa ufanisi mdogo zaidi. Gari lililokuwa likitumia lita 10 za dizeli kwa kilomita 100 linaweza kuhitaji lita 13 au 14 za petroli kwa kazi ileile.

Tuchukue mfano wa gari linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi, likibeba mizigo kati ya Newala na Masasi. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kila lita ni Sh. 3,000.

Kwa dizeli: lita 200, yaani Sh. 600,000 kwa mwezi.
Kwa petroli: lita 270, yaani Sh. 810,000 kwa mwezi.
Tofauti: Sh. 210,000 kwa mwezi, au Sh. 2,520,000 kwa mwaka.

Ili gharama zilingane, petroli ingelazimika kuuzwa kwa Sh. 2,222 wakati dizeli ni Sh. 3,000. Mlaji asikisie bei hizo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, Masasi na Newala zikiwamo. Chukua bei za mji wako, weka kilomita zako, ufanye hesabu hii upya.

Hesabu hiyo hubadilika kwa mtu anayetembea kidogo. Gari la kwenda shambani na kanisani au msikitini, lisilofikisha kilomita 300 kwa mwezi, tofauti yake ya mafuta ni ndogo. Kwake huyo injini ya petroli inayopatikana kwa bei nafuu inaweza kuwa uamuzi wa busara. Kwa anayebeba mizigo kila siku, sivyo.

Kuna pia suala la nguvu. Dizeli hutoa nguvu yake ya kuvuta injini ikiwa inazunguka polepole, na hiyo ndiyo inayotakiwa katika mchanga wa uwanda wa Makonde na katika kupanda ukingo wa Newala ukitokea Masasi. Injini ya petroli ya ujazo uleule hutaka izungushwe kwa kasi zaidi ndipo ivute. Ikifungwa kwenye gia boksi na difu za gari la dizeli bila kulinganishwa, dereva atapanda kilima chote kwa gia ya kwanza.

5. Pima ugonjwa kabla ya kununua dawa

Dalili nyingi zinazomfanya mtu aichukie dizeli zina tiba nafuu.

Gari haliwaki asubuhi. Angalia betri, plagi za kupasha joto, na hewa iliyoingia katika bomba la mafuta.

Moshi mweusi. Aghalabu filta ya hewa imeziba kwa vumbi la kiangazi, au nozeli zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza.

Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imekwisha kupata moto. Huenda mafuta hayaungui sawasawa, au maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.

Moshi wa buluu. Injini inaunguza oili. Ringi za pistoni, kuta za silinda au sili za vali zimechakaa.

Nguvu kupungua ghafla. Anza na filta ya dizeli na maji yaliyokusanyika chini yake. Mafuta yanayonunuliwa kwa madumu huweza kuwa na maji na uchafu.

Baada ya hapo, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Sharti atumie geji ya dizeli, kwa maana mgandamizo wa injini ya dizeli hupita mara mbili ule wa petroli, na geji ya petroli haiumudu. Namba za silinda zote ziandikwe katika karatasi. Silinda zikiwa sawa na zinakaribia kipimo cha mtengenezaji, injini yako ni nzima, na fedha yako iende kwenye nozeli, pampu na filta. Zikiwa chini zote, linganisha gharama tatu: kuifanyia injini hiyo matengenezo makubwa, kununua injini nyingine ya dizeli ya aina ileile, au kuhamia petroli. Usipofanya kipimo hiki, hujui unachokinunua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini pia usijenge ukuta mahali palipokuwa na ufa tu.

6. Ukiamua kuhamia petroli

Nunua injini nzima iliyotoka katika gari la jamii moja na lako, pamoja na gia boksi yake ikiwezekana. Ikiwa ni injini inayoongozwa na kompyuta, ije na kompyuta yake, waya zake zote na vihisio vyake. Injini iliyokatwa waya ni nafuu sokoni, ila kuunganisha waya hizo hula fedha kuliko punguzo ulilopata.

Mambo mawili yanagusa uhai, nayo hayapaswi kusamehewa.

La kwanza ni breki. Kati ya pedeli na masta silinda kuna chombo cha duara ambacho mafundi hukiita busta. Hicho humsaidia dereva kukanyaga breki kwa nguvu ya mvuto wa hewa. Katika gari la dizeli mvuto huo hutoka kwenye pampu ndogo, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya alteneta. Injini ya petroli haina pampu hiyo. Mvuto wake huchukuliwa kwenye mrija wa kuingiza hewa ya injini. Fundi akisahau kuunganisha mpira huo, au akatumia mpira laini unaojikunja, pedeli itakuwa ngumu kama jiwe. Katika barabara tambarare ya Masasi mjini dereva anaweza asilione tatizo. Ataliona akishuka ukingo wa Newala na magunia nyuma yake.

La pili ni moto. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali kuliko barafu. Mvujo mdogo uliokuwa uchafu tu katika gari la dizeli unakuwa hatari katika gari la petroli. Tangi lisafishwe, mipira ya mafuta ibadilishwe yote, kifuniko kifunge vizuri, na bomba lisipite karibu na egzosi. Mazoea ya kubeba dumu la dizeli ndani ya gari yasihamishiwe kwa petroli. Tena fundi asichomelee tangi lililokuwa na mafuta kabla halijaoshwa na kuondolewa mvuke.

7. Karatasi za gari

Kadi ya gari huonyesha namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Ukibadili injini, maelezo hayo hayalingani tena na gari lako. Peleka taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ili kumbukumbu zirekebishwe, ukiwa na kadi, nyaraka za ununuzi wa injini na uthibitisho wa ukaguzi utakaotakiwa. Uliza masharti kabla ya kununua, si baada.

Iarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi. Gari lililobadilishwa injini bila bima kujua huweza kuleta mgogoro siku ya ajali au ya moto. Ikiwa gari linabeba abiria kwa leseni, ulizia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kabla ya kulirudisha barabarani.

Usikubali injini isiyo na nyaraka, hata ikiwa nzuri na ya bei ndogo. Namba ya injini iliyosuguliwa au kuchongwa upya ni dalili ya mali ya wizi, na atakayekutwa nayo ni wewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

8. Mapatano na fundi

Hata kama fundi ni mjomba au jirani, andikeni. Karatasi moja yenye sahihi mbili na mashahidi yatosha. Ionyeshe:

– namba ya injini inayotoka na ya ile inayoingia;
– kazi zote zitakazofanywa, zikiwamo breki, tangi, waya na egzosi;
– bei ya vifaa na ya ufundi, kila moja peke yake;
– malipo kwa awamu, na sehemu ya mwisho kulipwa baada ya majaribio;
– muda wa kumaliza, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo;
– kwamba injini ya zamani, pampu na nozeli zake ni mali yako na utarudishiwa.

Sharti hilo la mwisho husahaulika sana. Pampu ya dizeli na nozeli huuzika hata zikiwa zimechoka, na wamiliki wengi huziacha gerejini bila kujua kwamba wameacha fedha.

Majaribio yafanywe kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wa kawaida. Lipande kilima, lishuke, lizimwe likiwa na moto na kuwashwa tena. Dai risiti ya kila kifaa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Ukidhulumiwa, anza kwa kumwandikia fundi au muuzaji na kumpa muda wa kurekebisha. Asipofanya hivyo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au fungua madai mahakamani ukiwa na mapatano, risiti na karatasi ya vipimo. Pasipo nyaraka hizo, kesi yako itabaki neno lako dhidi ya neno lake.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, jibu maswali haya mbele ya mwenzi wako au mtu unayemwamini:

1. Je, mgandamizo wa silinda zote umepimwa, na namba zake ninazo?
2. Je, fundi ataleta injini nyingine nzima, au anakusudia kuigeuza hii?
3. Je, nimefanya hesabu ya mafuta kwa kilomita zangu na kwa bei za mji wangu?
4. Je, nani ataunganisha busta ya breki, na nitaijaribuje kabla ya kushuka mlima?
5. Je, kadi ya gari na bima vitarekebishwa lini, na kwa gharama ya nani?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, liache gari chini ya mwembe wiki moja zaidi. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka. Gari limekwisha kungoja tangu masika, na linaweza kungoja mpaka upate majibu.